Siku Flashi Zilipopangwa Mezani

Bosi wetu hakutafuta dawa ya kirusi cha kompyuta. Alitafuta mchawi. Ninalisema hili mapema asije mtu akaniambia nakuza mambo, maana nilikuwepo, na flashi yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kupimwa.

Ilikuwa Tunduma, miaka ile ambayo kila mtu wa ofisini alitembea na flashi shingoni, imening'inia kwenye kamba kama filimbi ya refa. Ofisi yetu ilikuwa ya uwakala wa forodha: vyumba vitatu kando ya barabara, kompyuta nne, na nje malori ya Zambia na Kongo yamepangana hadi unachoka kuyaangalia. Kazi yetu ilikuwa kuandaa nyaraka za mizigo. Lori lisilo na nyaraka halivuki, na dereva asiyevuka anakuja dirishani kukutukana wewe, si bosi.

Mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa mwanamke mkubwa kwangu, mjane mwenye watoto, kwao Ileje, huko milimani upande wa Itumba. Nilimwita dada. Madereva wa Zambia walimwita bamayo, yaani mama, na walimpa karatasi zao kabla hata hajaziomba. Miaka yote hiyo alikuwa kibarua. Nusu ya walioajiriwa pale aliwafundisha kazi yeye, wao wakapata barua za ajira, yeye akabaki kibarua. Mwaka ule bosi akamwahidi kwamba mwisho wa mwezi na yeye atapewa barua yake. Akaamini. Akamhamishia mwanawe wa kwanza shule ya bweni kwa ahadi hiyo. Mimi bosi sikumwamini hata chembe, lakini utamwambia nini mtu mwenye furaha?

Basi asubuhi hiyo kompyuta zikaugua. Unafungua folda, unakuta tupu. Unazima, unawasha, hata jina la folda halipo tena. Mashine zetu ziliunganishwa kwa waya mmoja, kwa hiyo kirusi kilikuwa kinahama kutoka meza hii kwenda meza ile, nasi tunakitazama. Dada alikuwa amefika kabla yetu wote, kama kawaida yake. Alipoona hali ile alichomeka flashi yake kwenye mashine iliyokuwa bado inafunguka, akanakili mafaili ya malori yote yaliyotakiwa kuvuka siku hiyo. Kisha ndipo akampigia bosi simu.

Bosi akamwita fundi kutoka Mbeya. Fundi akapanda gari, akakwama njiani, Nanyala, lori la semi limelala katikati ya barabara. Mtu mwenye akili zake angengoja. Bosi wetu alitoka chumbani kwake amebeba laptopu yake, yenye programu ya kunusa virusi, akaiweka kwenye meza ya mapokezi, akasema, "Kuna mtu kaingiza uchafu humu ndani. Leo atajulikana. Vueni flashi zenu."

Tukazivua. Tukazipanga mezani, nasi tukajipanga ukutani.

Mstari ule niliwahi kuuona. Nilikuwa mtoto, kijijini kwetu Igamba, walipokuja lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Walitupanga uwanjani vilevile. Bibi yangu alikuwa mkunga. Walimnyoa kichwa mbele za watu, jirani amemshika mikono, wakachimba nyuma ya nyumba na kutoa pembe ambayo sisi wenye nyumba hatukuwahi kuiona, wakaichoma. Surua iliyowaleta ikaendelea kuua watoto kana kwamba hakuna kilichofanyika. Haikupita miezi mingi mke wa jirani yuleyule akashikwa uchungu, mtoto kakaa vibaya, wakaja kumbembeleza bibi. Bibi akafunga kitambaa kwenye kichwa chake kisicho na nywele, akaenda. Mtoto akatoka salama. Mimi mpaka leo sijamsamehe bibi kwa kwenda.

Haya. Bosi akachomeka yangu kwenye laptopu. Kimya. Akachomeka ya mhasibu, kimya. Ya kijana wa mapokezi, kimya. Akachomeka ya dada, laptopu ikapiga kelele na kioo kikawa chekundu.

"Si nilisema?" bosi akasema.

"Bosi, nimeichomeka asubuhi hii, mashine zimeshaugua," dada akajibu kwa sauti yake ileile ya kila siku. "Mafaili ya malori ya leo yamo humo. Nimeyaokoa."

"Yamo, pamoja na kirusi chako."

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia bosi kwamba zetu ziko kimya kwa sababu sisi tumefika tumekaa, yeye amefanya kazi. Kama mtu wa kwanza kugusa mgonjwa ndiye aliyeleta ugonjwa, basi tuwafunge manesi wote. Akanitazama kama inzi kwenye chai. Nikaongeza, "Na flashi yako bosi, mbona hatuioni mezani?" Maana tuliijua ile flashi. Ilikuwa na filamu za mapigano, na ilizunguka kwenye kila mashine Jumamosi.

"Yangu ina mambo ya uongozi," akasema.

Mkuki kwa nguruwe. Sitaki kumsingizia mtu, chanzo hakikujulikana mpaka leo, ila mtu wangu ninaye moyoni.

Bosi akaitupa flashi ya dada sakafuni, akaiponda kwa kisigino. Mara ya kwanza haikuvunjika, akarudia, na alipomaliza alikuwa anahema. Akamwambia dada akae nje mpaka aamue la kumfanya. Dada akatoka, akakaa kwenye benchi la madereva. Sisi wengine tukarudi kwenye meza zetu kuangalia kompyuta zilizokufa. Kijana wa mapokezi alifagia vile vipande hadi chini ya kabati, na nikamchukia kwa ufagio wake.

Fundi alifika mchana, vumbi hadi kwenye kope. Akazikagua mashine, akasema zote nne zitafutwa, hakuna cha kuokoa ndani yake. Kisha akauliza kama kuna nakala ya mafaili popote, hata kwenye flashi yenye kirusi. "Kirusi nakitoa dakika moja tu, mafaili yanabaki," akasema. "Hakuna mwenye flashi?"

Mimi niliinama, nikavuta vile vipande chini ya kabati, nikaviweka mbele ya fundi. Akavigeuzageuza kwa kidole. Akauliza nani kafanya hivi. Nikamwonyesha bosi kwa kidevu.

Nje honi zilikuwa zimeanza. Lango la mpaka hufungwa jioni, na katika foleni kulikuwa na samaki wa barafu wa watu. Bosi akatoka hadi kwenye benchi. Mwanamume yule aliyekuwa akimwita "wewe mama" miaka yote, siku hiyo alijua kusema dada. "Dada yangu, madereva wako wanakusubiri. Karatasi zao hawataki kumpa mtu mwingine. Tusaidie tuandike upya. Mengine tutayazungumza."

Nikamkimbilia nje. Nikamwambia, usiingie. Muache aumbuke. Akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, wenye samaki wamekosa nini?" Akaingia. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia bosi, na hasira ile ilikuwa ya zamani, ilikuwa ya Igamba.

Fundi akafuta mashine moja ikafanya kazi, akaendelea na nyingine. Dada aliandika, mimi nikamsomea karatasi na kubeba mafaili kwa flashi yangu kutoka mashine hadi mashine, zilizopona na zisizopona, maana waya tuliukata. Malori yakavuka, la mwisho likiwa la samaki. Bosi akamnunulia dada soda, akamwambia Mungu ambariki. Dada akanywa soda yake hadi mwisho, na njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Unaona? Barua itatoka tu."

Kesho yake nilimkuta amesimama getini. Mlinzi, kwa aibu, anatazama viatu vyake. Ameagizwa asimruhusu kuingia. Sababu aliyopewa aitoe ni usalama wa kompyuta.

Shukrani ya punda ni mateke, najua, nilifundishwa shuleni. Lakini kujua methali hakupunguzi kitu. Nilipita getini, nikaenda moja kwa moja chumbani kwa bosi bila kubisha hodi. Nikaivua flashi yangu shingoni, ileile iliyozunguka jana kwenye mashine zenye kirusi, nikaiweka juu ya meza yake, karibu na kikombe chake.

"Ponda na hii," nikamwambia. "Jana na mimi nilifanya kazi."

Hakuigusa. Nikaiacha palepale, nikatoka, nikaenda kusimama na dada getini.