Mwamko Usio na Namba

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Usoke kwamba mzee aliyenifundisha kuwasha injini amefariki na atazikwa alasiri ileile. Nilifika kwa wakati, nikatupa udongo kaburini. Tukiwa tunanawa mikono, mtu wa rika langu akamwambia jirani yake, "Si ndiye huyu aliyeua pampu yetu wakati wa Ujamaa?" Jirani akaguna, kama anayekubali. Miaka yote hiyo, na kosa lile bado limeng'ang'ania jina lake. Halikuwa lake. Nimeamua kulieleza hapa, kwa kuwa hakuna anayelijua kuliko mimi.

Kijiji kilikuwa kipya. Tulikuwa tumetolewa kwenye mashamba ya tumbaku yaliyotawanyika, tukapangiwa nyumba kwa mistari, na pampu ya dizeli ya kuvuta maji ikakabidhiwa kwetu sisi wawili, mimi na marehemu. Mimi nilikuwa na darasa la nne, yeye la pili, lakini akili ya mashine alikuwa nayo yeye. Kila alipotaka kupiga hendeli aliiambia kwanza injini, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, kwa heshima, kana kwamba anamwamkia mkwe. Kila kuwaka kwake alikuita mwamko, na kila mwamko aliupa namba katika daftari, pamoja na jina la aliyewasha, hali ya maji ya kupozea injini na saa ya kuzima. Namba hazikuanza upya, mwezi ubadilike au mwaka. Mimi niliona ni usumbufu. "Tarehe si inatosha?" nilimuuliza. "Kwa siku tunaiwasha mara tatu, mara nne. Ikifa, utajua imekufa katika mwamko upi?" "Injini si ileile, bwana?" "Chuma ni kilekile. Mwamko si uleule." Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya Ujiji na pwani. Mwenzangu alisema wazee wale walifunga fundo kwenye kamba kila walipojitwika mizigo upya, hata baada ya kupumzika kidogo, ili kitu kikipotea wajue kimepotea baada ya fundo lipi.

Siku moja tulitarajia wageni wa wilaya. Asubuhi aliwasha, mwamko wa mia mbili na kumi na mbili, akazima saa nne na kwenda shambani. Saa nane, watu wote wakiwa uwanjani, niliona mapipa hayajajaa, nikapiga hendeli. Mpira wa rejeta, tangi la maji ya kupozea, ulikuwa unavuja, na sote wawili tulijua kwamba maji hujazwa kila mara kabla ya kuwasha. Sikutazama. Wala sikuandika, maana nilijiambia naendeleza tu kazi ya asubuhi. Haikupita nusu saa injini ikanoki, ikakwama kwa joto. Niliondoka nikanyamaza.

Katibu wa kijiji alifungua daftari, akakuta jina la mwisho ni la mwenzangu, akaandika taarifa na kuituma wilayani kupitia wageni walewale. Kisha akaisoma kikaoni. "Huu ni uhujumu, ndugu zangu," alisema. Siku zile neno hilo lilimpeleka mtu polisi. Mke wa mwenzangu alikuwa amekaa mbele yangu, mtoto mgongoni. Mwenzangu akasimama. "Ndugu Katibu, mwamko wa mia mbili na kumi na mbili niliuzima mwenyewe saa nne, na nimeandika. Uliokufa saa nane ni mwingine. Hapo pana mwamko usio na namba." "Unatufanya wajinga? Tarehe si moja?" "Tarehe moja, miamko miwili." Mtu akapayuka nyuma, "Labda ilijiamsha yenyewe!" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakugeuka kunitazama. Tulikuwa waendeshaji wawili tu, alijua. Alisema, "Aliyewasha aseme," akabaki amesimama.

Nilisimama. "Ni mimi." Mwenzangu akaniletea daftari na penseli. "Andika. Mia mbili na kumi na tatu. Jina lako. Maji: hayakutazamwa." Niliandika mbele ya kijiji kizima. Niliondolewa kwenye pampu, nikachota maji ya shule kwa ndoo kiangazi chote, na nilistahili. Polisi hawakuja. Lakini taarifa ya kwanza ilikuwa imekwisha kwenda, na hakuna aliyeandika ya pili. Kikao kikasahaulika, likabaki midomoni jina la kwenye taarifa. Nami sikudai iandikwe. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la rejeta.

Binti yangu anatengeneza kompyuta mjini Tabora. Ananiambia kwamba siku hizi kompyuta ikizimika ghafla huandika taarifa yenyewe, na kila inapowashwa huwa na alama yake isiyorudiwa, ili hitilafu isibandikwe kwenye mwamko usiohusika. Nilimsikiliza nikamfikiria mtu wa darasa la pili na penseli yake.

Yule bwana wa makaburini nilimfuata palepale. "Pampu niliiua mimi," nikamwambia. "Aa, mzee mwenzangu, hayo yamepita." "Hayajapita. Umeyasema sasa hivi." Akainamisha kichwa. Nitakwenda pia wilayani, na kama taarifa ile ingalipo nitaomba yangu iwekwe juu yake. Kosa lisiloandikwa jina la mwenyewe halipotei, msomaji wangu. Hutafuta aliye karibu likamkalia, na linaweza kumfuata mpaka kaburini.