Mwanangu Hataki Kuvaa Ndege

(Aliyetuandikia tunamfahamu. Ameomba jina lake na la mwanawe tuyaache, nasi tumeyaacha.)

Machi 2005. Huu ni mwaka wa pili tangu nitoke nyumbani.

Mimi ni Mmasai wa Malambo, wilaya ya Ngorongoro, nina miaka thelathini na tisa. Shule niliishia darasa la nne, mnisamehe mwandiko. Ukame ulipomaliza ng'ombe wetu, wenzangu wengi walikwenda mijini kuwa walinzi. Mimi niliangukia kwenye mkonge, huku Korogwe. Kazi inachosha na miiba haiishi mikononi, lakini si hiyo inayoniliza. Kinachoniliza ni mwanangu wa kwanza.

Anasoma sekondari Karatu. Anakaa kwa mama mmoja Mchaga mwenye duka, nimwite Mama Upendo, ambaye mumewe huendesha magari ya watalii. Sebuleni kwao kuna kompyuta, na ndani yake kuna mchezo wa kujenga bustani ya wanyama. Unaweka uzio, unaleta mnyama, watu wanakuja kutazama. Kabla sijaja huku nilikwenda kumuaga, akanikalisha mbele ya kile kioo.

"Baba, huyu simba ameshiba lakini ana huzuni. Anataka mawe."

Nikamwambia, "Simba wa kutafutiwa mawe? Wa kwetu anakula ndama zangu na wala haulizi kama mimi nina huzuni."

Mama Upendo akacheka kule jikoni. "Yero," akaniita, kama watu wa mjini wanavyomwita kila Mmasai, "na wewe jenga ya kwako, utaacha kulalamika."

Kijana hakucheka. Alikuwa na shida yake. Akanionyesha ndege waliomo: mbuni, heroe, pengwini wa kwenye barafu, na tai mwenye kichwa cheupe ambaye sijawahi kumwona kwetu. Basi. Akasema, "Wanyama wameweka wengi, ndege wameweka wachache. Hakuna korongo, hakuna tumbusi, hakuna kanga. Kwezi hayumo. Chozi, yule mdogo wa kunyonya maua, hayumo. Ningewajua wanaotengeneza, ningewaomba waongeze."

"Chozi utamfungia wapi? Si atapita kwenye waya?"

"Ningejenga banda la wavu, refu kama mgunga. Asingejua kama amefungwa."

Niliporudi Malambo kufunga mzigo nikamsimulia baba yangu, nikidhani ni kichekesho tu. Mzee akanitazama. "Mtoto anayewaota ndege, kisu kimemfikia."

"Ni ndege wa mchezo, baba."

"Hata mimi nilianza kwa mchezo. Mwakani aingie jandoni na wenzake."

Kwa wasomaji wasiotujua: kwetu kijana akishatahiriwa anavaa nguo nyeusi, na kidonda kikipona anatoka na wenzake na mishale butu ya nta kuwinda ndege wadogo. Anawakausha, anawafunga kichwani kama taji. Mimi nilivaa langu, lilikuwa zuri. Lakini lile taji linasema jambo. Aliyesimama imara mbele ya kisu huvaa ndege wa rangi zinazong'aa. Kijana akionekana kichwa kitupu, watu wanajua wenyewe: huyo alitikisika.

Tohara yake ilifanyika Desemba iliyopita, shule zilipofungwa. Niliomba ruhusa, nyapara akakataa. Baba yangu akasimama mahali pangu, na yeye ndiye aliyemshika mtoto mgongo. Akaniletea habari kuwa hakupepesa hata ukope. Siku ile nilikata mkonge nikiimba.

Furaha haikudumu. Kila jioni wenzake walirudi na ndege, yeye alirudi na kamba tupu. Binamu yake akampa wawili wa bure, akakataa, akasema hawezi kuvaa uongo. Maneno yakaanza. Mke wangu alipokwenda kuteka maji, wanawake wakamuuliza, "Mama fulani, mwanao amewasamehe ndege, au ndege ndio wamemsamehe yeye?" Siku hizi anateka maji wakati wa jua kali, wengine wakiwa wamelala.

Shule zilipofunguliwa kijana alirudi Karatu na nywele zake, ambazo hazikatwi mpaka siku ya kunyolewa, kichwa hakina ndege hata mmoja. Nilimpigia kwa simu ya Mama Upendo. Nilikuwa na hasira.

"Kwa nini unatuaibisha?"

Akasema, "Baba, nilimlenga kwezi. Alikuwa karibu sana, anang'aa. Mkono ukakataa. Nikasema huyu si ndiye niliyekuwa namwomba?"

"Yule ni wa kompyuta."

"Kule sikumpata. Nimpate huku halafu nimuue? Kisu sikukiogopa, baba. Muulize babu."

"Najua."

"Basi waambie."

Hapo ndipo nilipokwama, ndugu zangu. Nitawaambia kama nani? Kwetu neno la tohara ni la aliyekuwepo. Nikisimama mbele ya wazee watasema, wewe ulikuwa wapi siku ile? Na ni kweli, sikuwepo. Mzee wangu alikuwepo, lakini amekasirika. Amesema hatamnyoa wakati wa Pasaka, kama inavyotakiwa ili aingie uanaume, mpaka avae ndege wake, na ameniagiza nije nimlazimishe. Mtoto naye amesema nikija kwa hilo nisije. Mama Upendo anasema kijana hacheki tena, chakula anakichezea, na ile kompyuta haigusi.

Nikimlazimisha, nitapata taji na kumpoteza mtoto. Nikimwacha, mama yake atateka maji juani mpaka azeeke, na kijana ataitwa mwoga kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mliolea vijana, hata msio Wamasai, niambieni: nimchukue tusimame pamoja mbele ya mzee, au niende kwanza peke yangu nikamwombe baba yangu aseme alichokiona? Safari hii nyapara amekubali. Natarajia kushuka Karatu Jumatano ya kabla ya Pasaka.