Mayonesi Iliyokatika Mkononi mwa Domitila

Mayonesi ile haikukatika kwa sababu Domitila alikuwa mjamzito. Ilikatika kwa sababu yai lilikuwa baridi, naye akamimina mafuta mengi kwa mkupuo. Nilikuwapo jikoni. Waliolieneza neno hilo la mimba mji mzima wa Linares hawakuwapo, isipokuwa mmoja.

Domitila ni wifi yangu, kitinda mimba wa wazazi wa marehemu mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta mtoto, nikamlea. Anashona sare za shule, na kutulia hajui: hata kula hula amesimama, akichungulia dirishani kana kwamba kuna habari inakuja. Lakini sikukuu ile ya taifa ya Septemba alikuwa na sababu. Mama yake Baudilio, mchumba wake, alikuwa anakuja kula kwetu, aamue kama mwanawe amwoe.

Nyumbani kwetu mayonesi ya saladi ya viazi, kiini cha yai na mafuta, hupigwa na binti anayeposwa, kwa mkono, upande mmoja tu, bila kupokezana. Domitila alipiga kidogo, akakimbilia dirishani, akarudi, akapiga, akatoka kutazama nyama.

"Wifi, kaa!" nikamwambia.

"Nikikaa nitakufa, wifi."

Hapo Bi Clorinda, mama yake Baudilio, akaingia jikoni bila hodi. Domitila akashtuka, chupa ikamwaga mafuta mengi kwa mkupuo. Bakulini yakabaki mabonge yanayoelea kwenye mafuta.

Bi Clorinda akainama kuchungulia. "Ehee! Imekatika! Haya, mwanangu, tumbo la miezi mingapi hilo?"

"Mama, ni mafuta tu."

"Mafuta! Hata bibi yangu kipofu angejua."

Nimesomea ualimu, imani hizo za mayonesi kumkatikia mwenye mimba nazifahamu na siziamini. Nikaweka mezani bakuli safi na yai lililokuwa nje ya friji tangu asubuhi.

"Domitila, kaa uanze upya. Nawe Bi Clorinda, usiondoke. Tazama vizuri."

Akakaa. Akapiga kiini, akakiongezea ile iliyokatika, kijiko kimoja kimoja. Chini ya meza mguu wake ulikuwa unapiga kama uko kwenye kanyagio la cherehani, ila mkono haukuyumba. Ikaanza kushikana. Ikawa laini, nzito, rangi ya siagi, hata uma ukasimama wenyewe. Akakamulia limau.

"Sasa hilo tumbo limekwenda wapi?" nikauliza.

Bi Clorinda akaonja kwa kidole. Akaonja tena.

"Ongeza chumvi," akasema, akaenda kukaa mezani karibu na mwanawe. Baudilio alijipakulia saladi mara ya pili, na kabla ya kahawa mama yake mwenyewe ndiye aliyeuliza harusi ingefungwa kanisa lipi. Oktoba wakaoana.

Najua wapo wanaohesabu miezi kwa vidole tangu harusi hadi mtoto alipozaliwa. Wahesabu. Nimeeleza jinsi mayonesi ilivyokatika na jinsi ilivyoshikana. Mengine ni ya nyumba hii, na siyasemi.