Waya Juu ya Mparachichi

Asubuhi ile niliwafundisha watoto umeme. Nilisugua kitana kwenye nywele zangu, nikakisogeza karibu na vipande vya karatasi, vikaruka na kukiganda. Nikawaambia kwamba radi ni mambo hayohayo, ila makubwa: umeme wa mawinguni hutafuta njia ya kushuka ardhini, na shaba ni njia yake nzuri. Nilijiona mjanja sana.

Kumbe nyumbani, katika uwanja wetu kule Katuba, mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga waya wa shaba juu ya mparachichi na kuuleta hadi dirishani kwangu, ili redio yangu ikamate Léopoldville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na watu waliosikiliza stesheni ile ya serikali ya Kongo waliitwa wasaliti.

Mchana ikaja mvua. Radi ikapiga mparachichi, ikaua mbuzi wawili waliofungwa chini yake. Walikuwa wa jirani yangu, mfanyakazi wa reli, aliyewafuga kwa ajili ya arusi ya binti yake. Watu walipokuwa wakiwazunguka mbuzi, nilivuta waya upesi, nikauficha chini ya kitanda.

Kwetu watu huamini radi inaweza kutumwa na mchawi. Na uwanjani kwetu aliishi mjane mmoja Muluba wa Kasai, kabila lililohesabiwa adui wa Katanga. Wenzake walikuwa wamekwisha kukimbilia kambi ya wakimbizi. Yeye alibaki kwa sababu huyo jirani wa reli aliwakataza vijana kumgusa. Sasa vijana walikuwa wamesimama mbele ya mlango wake, na jirani akaja kwangu, kofia mkononi.

"Mwalimu, weye ulisoma. Hii radi iko ya Mungu, ao iko ya kutumwa?"

Alitaka nimwambie ni ya Mungu. Nilimwona machoni, alikuwa ananiomba. Neno moja tu, na mama yule angelala nyumbani kwake. Nikawaza ule waya, nikawaza wale mbuzi.

"Radi zingine iko nguvu kuzijua," nikasema, kana kwamba ni jambo gumu.

Mimi, bwana wa kitana! Hadi leo nikilikumbuka jibu lile uso unaniwaka.

Jirani akavaa kofia yake, akaenda zake. Hakuwakataza vijana tena. Wakampa mama hadi asubuhi awe ameondoka.

Kulipokucha alifunga sufuria zake ndani ya kitambaa. Nilijitokeza kumbebea godoro hadi barabarani, na wala haukuwa wema, ilikuwa aibu inanisukuma. Tulipofika akafungua fundo la kitenge chake, akaniwekea mkononi kipande cha waya wa shaba, kimeungua na kujikunja. Kilikuwa kimeangukia nyuma ya jiko lake.

"Mama, uliyua ni waya yangu?" nikauliza. "Juu ya nini haukubaonyesha batu?"

"Miye? Bangesema nililoga na waya." Hakupaza hata sauti. "Ni weye tu njo bangesikia, mwalimu."

Kisha akachukua godoro lake mikononi mwangu, akajitwika mwenyewe.