Kaburi la Yahya na Mlima Usioonekana

Pu. Kimya. Pu. Kimya.

Sauti inatoka ndani ya migomba ya Kirua Vunjo, ambako ukungu wa masika umelala mzito hata jani lililo mbele ya pua halionekani. Ni jembe linalokula udongo uliolowa. Idrisa Mgonja anasimama njiani, jembe lake mwenyewe likiwa begani, na nywele za shingoni zinamsisimka.

Asubuhi hii kijijini kuna kaburi moja tu la kuchimbwa, na mchimbaji ni yeye.

“Nilisoma Ayatul Kursi, ile aya ya kinga,” anasema baadaye, akicheka bila kuonyesha meno. “Nikajiambia, sauti ikizidi kunisogelea, mimi narudi zangu mjini.”

Siku za kazi Idrisa hubeba magunia katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi, kwa mshahara wa miaka hii ya sabini, shilingi mia tatu na arobaini kwa mwezi. Lakini Mwislamu akifariki katika miteremko hii, ambako Waislamu ni wachache, anayeitwa ni yeye. Hatozi hata senti.

“Kaburi ni haki ya maiti juu yetu tulio hai,” anasema. “Nani anauza haki ya mwenzake?”

Aliyefariki jana ni Yahya, fundi wa mitambo katika shamba la miwa huko tambarare. Alizaliwa kwenye kihamba hiki hiki, shamba la migomba la ukoo, akabatizwa Damian, akasilimu ukubwani. Kabla ya kukata roho alimwomba mkewe jambo moja: alazwe kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla.

Idrisa anaufuata mlio. Unatokea kwanza mpini wa jembe, kisha mikono, kisha uso wa mzee uliopakwa tope. Ni Kastori, kaka mkubwa wa marehemu, na ardhi imekwisha kummeza hadi kifuani.

“Shikamoo, meku,” anasema Idrisa, akimwita mzee kwa Kichaga.

“Marahaba. Umechelewa, Mpare. Au ulikuwa unabania nauli?”

“Nauli nimelipa, meku. Mbona umeanza peke yako?”

“Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nitamlaza mwenyewe, miguu kwa Kibo, kama baba, kama babu. Wazee wakija kumpokea wamkute anautazama mlima, wamjue kuwa ni wa kwao.”

Idrisa analipima shimo kwa macho. Kaburi lililonyooshwa kuelekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, litamgeuzia Yahya uso mashariki, si Kibla alivyoomba.

“Basi tulifukie, meku, tuchimbe jingine hapo pembeni.”

Mzee anaacha kuchimba. Matone yanadondoka kwenye migomba.

“Shimo la maiti halifungwi tupu,” anasema polepole. “Likifungwa tupu litaita mwingine humu ndani. Mimi nina wajukuu. Unataka liite nani?”

Idrisa anaweka jembe chini. Anakaa ukingoni, miguu ikining'inia shimoni. Haamini kwamba shimo lina mdomo, lakini anajua mzee huyu akikataa, hakuna wa kumlazimisha kwenye kihamba chake.

“Hata Mtume wenu alianzia mlimani,” Kastori anamchokoza. “Damian alinisimulia.”

“Kweli. Muhammad alikuwa akijitenga pangoni, mlima Hira, karibu na Makka. Watu wake waliabudu masanamu, na moyo wake haukutulia. Usiku mmoja Jibrili akamjia, akamkumbatia kwa nguvu mpaka pumzi ikamwishia, akamwambia: soma! Akajibu hajui kusoma. Akakumbatiwa tena, na tena. Alipoachiwa alishuka mbio, anatetemeka, akamwambia mkewe Khadija, nifunikeni, nifunikeni.”

Kastori anautazama ukungu nyuma yake. “Hata mimi ningekimbia.”

“Alishuka, meku. Hakuuabudu ule mlima. Aliyoletewa ni kwamba Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Tuswali, tufunge, tutoe zaka, na mwenye uwezo aende kuhiji.”

“Kwa hiyo Mungu wenu anakaa Makka?”

“Hakai Makka, wala hakai Kibo. Kaaba tunaielekea ili tuwe safu moja popote tulipo.” Idrisa anatabasamu. “Nami niliwahi kukosea. Ukiswali Moshi mjini, Kibo iko mbele yako moja kwa moja. Siku niliyokwenda Masama, magharibi ya mlima, nikaugeukia mlima vile vile. Shehe alinishika mabega akanizungusha kama mlango.”

“Na usiku wa leo atakuwa peke yake humu?”

“Malaika wawili watamkalisha wamuulize: Mola wako nani? Dini yako ipi? Mtume wako nani? Hawatamuuliza ukoo, meku.”

Mzee anafuta tope usoni. Binti yake, Avelina, anatokea na birika la chai. Anaangalia shimo, anaangalia kulia kwake, kisha anaweka birika chini.

“Baba,” ananong'ona. “Umeelekea wapi?”

Ukungu umepasuka. Kibo imesimama nyeupe, kubwa, kulia kabisa kwa shimo. Kastori alifuata mwinuko wa shamba akidhani ndiko mlimani, na mwinuko ulimpeleka upande wa machweo. Jua linachomoza upande wa kichwa. Akilala kwa ubavu wa kulia, Yahya ataelekea kaskazini, Kibla cha hapa, bila udongo hata kiganja kimoja kufukiwa.

Kastori anaikodolea macho mikono yake. “Nimezaliwa hapa. Nani alinishika mikono?”

“Maiti hashiki jembe,” Idrisa anajibu. “Mungu ndiye ajuaye.”

Ukungu unajifunga tena. Mzee ananyoosha mkono, avutwe atoke. Idrisa anaingia mahali pake, anaanza kuchonga mwanandani, ule uvungu wa kumlaza maiti, kwenye ukuta wa kaskazini. Juu yake Kastori amechuchumaa, chai inapoa mkononi.

“Wanangu wa kiume wako Dar,” anasema. “Siku yangu ikifika, hawa vijana wa kijiji watalipinda kaburi langu hivi hivi. Nami sitaki Makka, Mpare. Nataka mlima.”

Idrisa anainua uso wenye udongo.

“Nitakuja mimi, meku. Kukiwa na ukungu nitangoja mpaka uondoke, niuone mlima kwa macho yangu, ndipo nipige jembe la kwanza. Mungu akinipa uhai, miguu yako nitaielekeza Kibo.”