Fundi wa Intaneti Alipofungua Kompyuta ya Marehemu Mume Wangu

Admin, nifichie jina. La binti yangu nimelibadilisha. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nane, naishi Kagongwa na mwanangu Kabula pamoja na mama mkwe, ambaye macho yake hayaoni tena. Mume wangu alifariki mwaka jana, kifua kilimbana ghafla, siku tatu tu akaondoka.

Kabula anasoma chuo kwa njia ya mtandao. Tangu msiba akawa analalamika kwamba faili moja la masomo linachukua siku nzima kushuka. Tukabadilisha kifurushi, tukahamishia ruta dirishani, wapi! Mwishowe nikamwita fundi.

Fundi akapima, akatikisa kichwa. "Mama, intaneti yenu ni nzima. Shida ni kwamba kuna kitu humu ndani kinatuma mafaili nje bila kupumzika. Kinaziba njia."

Akafuata waya mpaka chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya marehemu. Skrini ilikuwa imezimika, nasi tulidhani imelala. Kumbe ilikuwa inafanya kazi, na tangu afariki hakukuwa na wa kuizima. Mume wangu alikuwa ameweka programu ya kugawana mafaili, na watu tisa walikuwa wanapakua kutoka kwake saa ile ile. Fundi akafungua faili moja tujue ni nini.

"Mwangaluka!" Sauti ya mume wangu ikajaa chumba, kwa ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Zilikuwa hadithi za utoto wake wa kuchunga ng'ombe, kazisimulia kwa Kisukuma. Nikashika mlango. Kule sebuleni mama mkwe akaitikia kwa furaha, "Mwangaluka, baba! Umechelewa sana leo."

Fundi alipunguza kasi ya kutuma, na tangu siku hiyo masomo ya Kabula yanashuka vizuri. Lakini mama mkwe sasa anashinda kwenye kile chumba. Anataka afunguliwe zile hadithi, anacheka, anauliza maswali, ananyamaza kama anayejibiwa. Shemeji zangu wamesikia, wanasema namfunga ndugu yao asipumzike, nifute kila kitu.

Wiki iliyopita nilichomoa waya mchana. Mama mkwe akaniita taratibu.

"Mama Kabula, umemwambia nini mwanangu mpaka amenyamaza?"

Jamani, hapo ndipo nilipovunjika. Maana jambo hili sijawahi kumwambia mtu: mume wangu alipoanza kurekodi nilimcheka. Nilimwambia, "Nani atasikiliza upuuzi wa mchunga ng'ombe?" Kuanzia hapo akawa anajifungia mlango na kunong'ona. Ndiyo maana katika hadithi zote zilizofuata anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Niliurudisha waya. Nikamjibu mama, "Alikuwa amechoka tu."

Jumamosi shemeji zangu wanakuja kuichukua kompyuta. Kabula ananiomba nisikubali, anasema kuna watu wanamsubiri baba yake. Ninyi mliofiwa, mliowahi kumkosea mtu asiweze tena kukusameheni, niambieni: niwape, au nikae mlangoni niwazuie? Na huyu mama, nimwambie ukweli kwamba nilimcheka mwanawe?