Kompyuta Iliyomkata Mzee Maneno

Bado naikumbuka siku niliyoenda Nakuru kununua kompyuta, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa Londiani mwenye kamera ya video, na kila Desemba, watu wakishapata bonasi ya majani chai, nilizunguka Kericho na Bomet nikirekodi koito, ile sherehe ya familia mbili kukubaliana watoto wao waoane. Nilichoka kukata video, yaani kuzihariri, kwa deki mbili za kanda. Nilitaka kukata kwa kompyuta kama watu wa Nairobi.

Fundi aliyekuwa akiziuza, mama mmoja mpole, aliniwekea mbili mezani. "Hii ndogo iko na kadi ya picha yake, na memori yake," akasema. "Hiyo kubwa haina kadi, kazi ya picha imejengwa kwa bodi, inakula memori ya kompyuta yenyewe. Kuandika barua ni sawa. Video itailemea."

Unafikiri nilisikia? Nilitazama ile kubwa, skrini pana, spika mbili ubavuni, nikaona jinsi itakavyopendeza kwenye dirisha la duka langu. Nikaibeba. Ujinga mtupu!

Kazi yake ya kwanza ilikuwa koito ya familia moja ya Kabianga. Babu yake binti, aliyekuwa mgonjwa, aliinuka kitini, akampaka mjukuu wake siagi kichwani na kuwabariki wachumba kwa sauti iliyonyamazisha boma zima. Baadaye mkewe, Kogo Rael, maana huku nyanya tunamwita Kogo, alinishika mkono.

"Hiyo mashine yako itaweza?"

"Kogo, ni kubwa kuliko zote Kericho," nikamjibu.

Nikaanza kuingiza kanda kwenye kompyuta. Ilivuma, ikakwama, ikaendelea. Sikukaa kuitazama. Kulikuwa na koito nyingine Bomet, na kanda tupu zilikuwa zimeisha. Basi nikaichukua ile ile kanda ya Kabianga, nikarekodi Bomet juu yake, eti ya kwanza imeshahifadhiwa.

Mzee alifariki mwezi uliofuata. Kogo Rael akaja dukani na binti zake ili amwone tena. Nikawasha. Watu waliruka-ruka kama panzi, na sauti ikatangulia midomo. Mzee alipoinuka, picha ikaganda, ikawa vipande vya mraba, na sauti ikakatika katikati ya baraka. Ilipozinduka, mzee alikuwa ameshakaa.

"Rudisha," Kogo akasema. Nikarudisha. Ikaganda pale pale. Akaomba kanda yenyewe. Nilipomwambia sasa ina watu wa Bomet, akasimama.

"Nilikuuliza kama itaweza. Wewe ukaniambia ni kubwa. Mimi niliuliza ukubwa?"

Akatoka bila kuniaga. Hakunidai chochote, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa wewe unaniletea picha ya laptopu kwenye simu, unasema utakata video za harusi, na sifa ya kwanza unayonitajia ni wembamba! Nakasirika, usinikataze. Nani amekuuliza wembamba? Uliza kama ina kadi ya picha inayojitegemea, yenye memori yake. Najua za siku hizi zilizojengewa kazi ya picha ndani zimepata nguvu. Kwa klipu fupi za simu zinatosha, na betri inakaa. Lakini wewe unataka sherehe nzima, kamera mbili tatu, picha safi. Hiyo inataka kadi yake, hata kama laptopu itakuwa nzito na feni ipige kelele. Tena laptopu si kama kompyuta ya mezani. Kadi huwezi kuongeza baadaye, ukikosea umekosea. Nenda dukani na video yako mwenyewe, uikate pale pale kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, toka! Na usifute ulichorekodi kabla wenye sherehe hawajaitazama kazi yako mpaka mwisho, hata kama watakuchelewesha mwezi mzima.

Haya, nenda. Mungu akupe sikio la kumsikiliza fundi, na mkono mwepesi wa kazi. Na wazee wote watakaosimama mbele ya kamera yako, mwanangu, wamalize maneno yao.